Kafuri Kwenye Mchele wa Mjukuu

"Fukusi akionekana kwenye mchele wangu, nitamla mbichi mbele yenu!"

Mjomba Dingkui aliyasema hayo kwenye harusi ya bintiye Ximei, pombe imemkolea, meza kumi na mbili zinasikia. Mafuta ya kafuri ya kufukuzia wadudu aliyatengeneza mwenyewe, akichemsha majani ya mkafuri na kukinga mvuke. Matone machache kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya pipa, basi.

Mwaka uliofuata Ximei akajifungua. Kwetu mtoto akitimiza mwezi, hufanywa karamu, na babu mzaa mama hupeleka mchele wa kunata aliolima mwenyewe. Kupeleka wa dukani ni kujidhalilisha. Wake, kilo arobaini, ulikuwa darini ndani ya jeneza lake. Wazee wetu huchongesha mapema, na sanduku zuri halikai bure likimsubiri mwenyewe.

Siku sita kabla ya karamu akalifunua. Mchele ulikuwa unatembea.

"Mjomba, nikuletee chumvi ya kuwalia?" nikamuuliza.

"Funga domo. Lete chupa."

Akamimina chupa nzima. Nikamwambia mafuta yataua wakubwa tu, watoto wamo ndani ya punje.

"Ungemaliza chuo ningekusikiliza," akasema, akafunika.

Siku ya tatu wakubwa walikuwa wamekufa, wadogo wanatoboa kutoka. Na mchele ulinuka kafuri tupu. Tukapepeta, tukaosha mara nne. Kuanika hakukuwezekana, manyunyu hayakukatika. Mkewe, Yuzhen, akapika kidogo, akaonja, akaweka vijiti chini.

"Dingkui, huu hata maiti angeukataa."

Ximei akapiga simu. "Baba, mama mkwe anauliza mchele uko wapi. Ameshawaambia majirani kwamba hutaleta kitu."

"Mwambie unakuja," akasema Mjomba. Kisha akaenda kutafuta gunia.

Asubuhi ya karamu tulipitia dukani. Muuzaji alichota kwenye lundo, Mjomba akashika mdomo wa gunia letu kuukuu huku akigeukia barabarani, asije akaonwa. Hakuna aliyetazama kilichoingia.

Karamuni, mama mkwe wa Ximei alilifungua gunia mbele ya wageni, akazamisha mkono.

"Mkwe, mchele mweupe hivi! Umelima mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na fukusi?"

"Hata mmoja."

Mkono ukatoka na kibao kidogo cha karatasi ngumu, kile ambacho wenye maduka huchomeka juu ya lundo. Akakisogeza mbali na macho, akakisoma kwa sauti.

Yuan tisa kwa kilo.