Treni Yetu ya Rugenge na Usukani Wake

Enzi zetu pale Rugenge, mtaa wetu wa kando ya ziwa, watoto hatukuanza kucheza hivihivi tu. Kwanza ilichaguliwa komite. Katika klabu yetu ya treni tulikuwa kumi na mmoja, na tisa walikuwa na vyeo: prezida, vis-prezida, sekretere, mshauri wa kwanza, mshauri wa pili, mtu wa protokole, na wengine ambao hata wenyewe hawakujua kazi yao. Wa kumi, Byamungu, alipewa ushofere. Mimi Feza, msichana peke yangu, sikupewa kitu. Kazi yangu ilikuwa kukunja vyuma.

Na vyuma vilikunjwa! Reli tulizitengeneza kwa mikanda ya chuma iliyofunga marobota ya nguo kuukuu, tuliyoiokota nyuma ya soko tukigombania njia na mbuzi. Mataruma ya kubeba reli yalikuwa vipande vya matete. Mabehewa yalikuwa makopo ya sadini ambayo hata uyasugue kwa mchanga bado yalinuka, basi paka wote wa mtaa walitufuata kama abiria. Magurudumu tuliyakata kwenye kandambili zilizochakaa, na upande wa ndani wa kila moja tukabandika kifuniko cha kopo kilichozidi kidogo, ili kishike reli. Vidole vyangu vilijaa mikwaruzo, na mama akiona tu alianza: “Feza, hiyo treni yenu itachota maji?” Nilikwenda kuchota maji, nikarudi mbio kwenye vyuma vyangu.

Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona treni. Sisi ni watu wa ziwa. Kichwa cha treni yetu kilichongoka mbele kama mtumbwi, kwa sababu Kashindi, prezida wetu, alisema kitu kinachokwenda mbele lazima kiwe na ncha. Kisha wakaamua iwe na usukani. Waliuliza: kitu kitabebaje watu bila mtu wa kukishika? Ekseli ya mbele ikafanywa iweze kugeuka, ikafungwa kamba mbili, na Byamungu akawa anatembea kando akizivuta, kulia na kushoto, jasho likimtoka.

Tuliiachia kutoka mlangoni mwa jiko la kina Kashindi, mahali pa mteremko, ishuke hadi kwenye mpera. Ilishuka vizuri. Ilipofika kwenye kona Byamungu alivuta kamba, magurudumu yakapinda, treni ikaruka nje ya reli na sadini zikaruka nayo. Kila mara, kona ileile. Nikawaambia, “Reli njo inaigeuza, reli yenyewe. Muache kuvuta.”

“Weye uko na cheo gani?” Kashindi akaniuliza.

Wakapiga kura. Usukani ukashinda, kumi kwa moja. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Kura inapigwaje juu ya gurudumu?

Mtu mmoja tu mtaani alijua treni. Huyo alikuwa Mama Zaina, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mjane aliyetoka Kalemie, ambako marehemu mumewe alikuwa dereva wa treni. Yeye ndiye aliyetutia wazimu huu kwa hadithi zake. Sasa alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, kwa meli ya Jumatatu kutoka bandari ya Kalundu. Akakubali kuja kutazama treni yetu Jumapili baada ya misa. Kumwonyesha mapema kulikatazwa, eti protokole hairuhusu mgeni wa heshima kuona kitu kabla ya sherehe.

Nami nilimtaka yeye hasa. Komite sikuijali tena. Nilitaka mtu mmoja anayejua treni aniangalie na kuniambia kwamba na mimi najua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikutaka kitu kingine duniani.

Jumamosi jioni, wenzangu walipokwenda kuoga ziwani, nilifungua zile kamba kwenye ekseli. Ekseli nikaikaza isigeuke kabisa, na ncha za kamba nikazifunga kwenye bati la pembeni mwa kichwa cha treni, ili mtu asijue.

Jumapili treni ikashuka. Byamungu kando, kamba mkononi, anavuta kulia, anavuta kushoto. Ikaingia kwenye kona, ikapinda taratibu kama mtu anayejua kwao, ikaenda kusimama chini ya mpera na mabehewa yake yote. Mtaa mzima ukapiga kelele. Wakambeba Byamungu juu juu. Mama Zaina akainama, akaitazama treni kwa muda, akamshika Byamungu kichwa, akasema, “Mwanangu, treni yenu imefika.” Mimi nilikuwa nyuma ya watu, nikingoja macho yake yanifikie. Hayakunifikia. Nikisema, nafukuzwa klabu. Nikanyamaza, na kesho yake meli ikaondoka.

Basi juzi, wale wenzangu, wazee wenye vitambi na mvi, wakaanzisha grupu ya WhatsApp. Wanataka kuwajengea watoto wa mtaa treni ileile. Tumebaki tisa na tayari vyeo ni kumi na viwili. Walipowaonyesha watoto mchoro, mmoja akauliza inachajiwa wapi, mwingine akapiga picha ya mchoro na kuondoka. Hao siwalaumu sana. Mchoro wenyewe ulikuwa na usukani! Nikashindwa kuvumilia, nikaandika kila kitu: kamba, ekseli, Jumamosi ile.

Kashindi akajibu: “Mama Feza, hiyo jambo tutaipeleka kwa vote.”

Wakapiga kura kama kweli nilifanya nilichofanya. Nikashindwa, saba kwa mbili.

Kura moja ilikuwa yangu. Ya pili nilijiuliza ni ya nani hadi Byamungu aliponipigia simu.

“Dada Feza, minye nilijua tangu siku ile. Nilivuta kamba, kitu haikusikia.”

“Na ukanyamaza?”

“Walikuwa wamenibeba, dada. Nilisikia utamu.” Akakohoa. “Na iko jambo ingine. Kesho yake minye njo nilimubebea Mama Zaina mizigo mpaka Kalundu. Akaniambia, ‘Treni haina na usukani. Kati yenu iko mwenye alifungua ile kamba. Umutafute, umuambie yeye njo mekanisie, fundi wa treni.’”

“Byamungu! Na hukunitafuta?”

“Nilijua ni weye. Nilipata haya.”

Nilimfokea mpaka betri ya simu ikaisha moto. Kisha nikakaa nikalia, sikufichi. Watoto wa leo wanatumiana maneno kabla hata hawajayafikiria, na yasipojibiwa dakika hiyohiyo wananuna. Kutoka Kalundu hadi Rugenge ni kama saa moja kwa miguu. Maneno yangu kutoka kwa Mama Zaina yametembea miaka zaidi ya thelathini, na nilipoyapokea mwenyewe hakuwapo tena, sikuwa na mtu wa kumjibu.