Wote Tulikuwa Mimi

Shule niliishia darasa la tatu. Ghala la mbegu za viazi pale Makambako nililijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, na hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema mjue ni nani aliyeondolewa.

Binti yangu alisomea kompyuta, akarudi akatutengenezea mfumo. Ukiingia kwa simu, mfumo unatazama wewe ni mtu wa aina gani, kisha unakupeleka panapokuhusu. Mkulima anapelekwa ukurasa wa kuomba mbegu. Karani, ukurasa wa kupokea magunia. Mwenye ghala anapelekwa pale anapoona vyote, na ndiye anayeruhusu mzigo utoke. Huyo nilikuwa mimi peke yangu.

"Baba, neno lako la siri usimpe mtu."

"Hata karani?"

"Hata mama."

Nikacheka. Mzee gani anawaficha ufunguo watu anaokula nao ugali? Nikampa karani, nikampa mlinzi. Macho yangu herufi ndogo hayazioni, basi wakawa wananisomea na kunibonyezea, nami nikajiona mkubwa kweli.

Msimu ule kikundi cha wakulima wa kijiji cha Kichiwa, wengi wao wajane, tulikuwa tumewawekea mbegu zao. Nikiwa Njombe msibani, lori la mnunuzi mwingine likaja, likazibeba zote. Mfumo ukaonyesha aliyeruhusu ni mimi. Nani alibonyeza? Mpaka leo sijui. Kwa mfumo, wote tulikuwa mimi.

Mvua zikaanza. Mama mmoja wa Kichiwa akaja hadi nyumbani.

"Kamwene, baba. Shamba nimelilima mara mbili. Sasa nipande nini, mawe?"

Nikamtolea kiti.

Binti yangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Asubuhi moja nikaingia kwenye mfumo, ukanipeleka ukurasa wa kuomba mbegu. Nikatoka, nikaingia tena. Palepale. Nikamfuata ofisini.

"Kitu chako kimeharibika. Kinanipeleka kwa wakulima."

"Hakijaharibika, Baba. Nimekubadilisha mimi."

"Mimi? Kwenye ghala langu?"

"Kichiwa wamesema hawarudi kama ruhusa bado iko kwako." Akageukia ukutani, analia. "Ulitaka nifanyeje, Baba?"

Nikaondoka bila kuaga. Mwezi mzima sikukanyaga pale. Lakini viazi havingoji hasira ya mtu, na shamba langu lilikuwa tupu. Siku moja nikaenda, nikaketi kwenye benchi la nje pamoja na wakulima wengine, nikaingia kwenye mfumo, nikajaza magunia sita. Nilibonyeza mwenyewe. Nikaisogeza simu puani, nikasoma herufi moja moja: ombi limepokelewa, subiri mwenye ghala aruhusu.

Mwenye ghala, binti yangu, alikuwa ndani, namsikia akiongea na karani. Kabla yangu walikuwa watu wa Kichiwa, na hiyo ilikuwa haki yao.

Nikasubiri.