Jumapili Isiyo na Matrekta

Nyumba yetu ya Mogitu ilikuwa kando ya barabara ya shamba la ngano la serikali, na wakati wa mavuno haikutulia. Matrekta na malori yalipopita, vikombe viligongana kabatini na vumbi la paa likatudondokea kwenye uji. Wageni walishtuka, sisi tuliwacheka. Mazoea yana taabu, lakini wakati ule nani angetuambia?

Paa lenyewe lilikuwa la tembe: magogo, fito, na juu yake udongo mzito. Bibi, mama yake baba, alikataa mabati akisema yana kelele kama mkwe mgomvi. Mama yangu, ambaye ndiye mkwe mwenyewe, alicheka kuliko wote.

Siku ile tulikuwa tumetoka kanisani. Bibi alikuwa amejilaza chumbani kwake; hakuwahi kubatizwa, na kwake Jumapili ilikuwa siku kama nyingine. Ardhi ikaanza kunguruma. Hakuna aliyeinua kichwa, mpaka Mama aliposimama na sufuria mkononi.

“Leo Jumapili!” alipiga kelele. “Matrekta hayafanyi kazi leo!”

Tukakimbilia nje. Baba, aliyekuwa zizini, akaja mbio. Mama alibaki mlangoni akiita, “Mama, toka! Ni tetemeko!”

“Ni matrekta tu, mwanangu,” Bibi alijibu kutoka ndani kwa sauti ya usingizi. “Yatapita.”

Baba alikuwa amefika kizingitini paa la upande wa Bibi liliposhuka. Tulifukua na majirani, kwa majembe na kwa mikono. Tulimkuta amelala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu.

Mwalimu mmoja alikuja msibani. Alitueleza kwamba sisi wa huku tunaishi kwenye Bonde la Ufa, na miamba iliyo chini yetu inavutana taratibu kwa miaka, kisha siku moja inateleza ghafla. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sasa, mwalimu, mtu aliye ndani atajuaje kama ni ardhi au ni matrekta?”

“Hatajua,” alisema mwalimu. “Atoke tu.”

Niliyachukia matrekta yale miaka mingi, ingawa najua hayakuwa na kosa. Tuliezeka upya upande uliobomoka, na mavuno yale yote tulitoka nje kila ardhi ilipotikisika, hata lori tukiwa tunaliona. Majirani hawakutucheka. Baba alitoka wa mwisho kila mara, kwa sababu alipitia kwanza pale palipokuwa na kitanda cha mama yake.