Ardith Anakusanya Vijisanduku vya Intaneti

Ardith Bitsilly alikuwa ametunza maktaba ya shule ile ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Serikali iliporuhusu fedha zake zilipie intaneti ya wanafunzi hata wakiwa nyumbani, yeye ndiye aliyezunguka na gari kwenye njia za vumbi akigawa vijisanduku vya intaneti, akapokewa kila mlango kama bibi harusi. Kisha wakubwa wa Washington wakageuza kanuni: fedha zile ni za ndani ya shule tu. Mtoto akishatoka getini, ajitegemee. Na aliyetumwa kuvikusanya akawa Ardith yuleyule.

Alimwomba mwalimu mkuu angalau wangoje muhula uishe. Mkuu, huku akitazama dirishani, akamwambia laini zitakatwa tu, na kijisanduku kisicho na laini ni sawa na tofali.

Basi akaenda. Nyumba nyingine walimkabidhi kimyakimya, nyingine walijifanya hawapo. Delbert, mfugaji mmoja aliyemjua tangu utoto, alimletea chake hadi kwenye gari.

"Dada, ukichukua hiki wachukue na wanangu kabisa," akasema. "Ndicho kilichokuwa kinawatuliza."

Ardith akacheka kwa adabu. Mgongo ulikuwa unamuuma, na vumbi limemkaba koo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Zonnie, mbali kule nyuma ya majabali. Mjukuu wake, Kaibah, alikuwa kidato cha mwisho, na tayari alikuwa akisoma masomo mawili ya uuguzi na chuo kimoja cha mjini kupitia kompyuta. Ardith alimkuta katikati ya kipindi, amevaa vipokea sauti. Akabaki amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Kaa ule kwanza, binti yangu," Bibi akamwambia. "Hicho hakikimbii."

Akala mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga, polepole kuliko njaa yake, mpaka kipindi kikaisha. Kaibah akavua vipokea sauti, akamwangalia, akaelewa. Akakichomoa mwenyewe ukutani.

"Hata waya wake, shangazi?"

"Hata waya, mwanangu."

Msichana akauviringa waya taratibu. "Kwani walidhani tunakifanyia nini?"

"Wanasema nyumbani hakuna wa kuwaangalia. Mtatazama mambo yasiyofaa."

Bibi Zonnie akaguna. "Mimi nashinda hapa kutwa. Wangekuja wanione."

Ardith alirudi na boksi limejaa, likigongagonga kiti cha nyuma kwenye kila shimo. Njiani alisimamisha gari akakaa tu, bila kulia, bila kufikiri lolote la maana. Kesho yake akamwambia mkuu kwamba kama intaneti inaruhusiwa ndani ya geti, basi maktaba ifunguliwe jioni. Mkuu akakubali, ila malipo ya ziada hayakuwepo. Ardith akajibu kwamba hakuwa ameyaomba.

Watoto wa karibu wakaanza kuja, hata wa Delbert, waliojaza kelele chumba kizima. Kaibah alikuja siku ambazo mjomba wake alikuwa na mafuta kwenye gari, nazo hazikuwa nyingi. Somo moja akaliacha. La pili alilishikilia kwa meno, akalifaulu, lakini chuo kikamtaka alirudie lile lingine kabla ya kumpokea. Aliposimulia hayo hakulalamika, na hilo ndilo lililomchosha Ardith kuliko yote.

"Nitalirudia mwakani, shangazi. Utakuwepo?"

Ardith alikuwa ameshaandika barua ya kustaafu. Ilikuwa bado mkobani. Alivua miwani, akajikanda macho.

"Nitakuwepo," akasema, kisha akaenda kuwanyamazisha watoto wa Delbert.