Wageni Niliowanawisha Mikono

Nilijifunza kuandika nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, katika darasa la jioni la watu wazima hapa Magomeni, Mtwara, na kitu cha kwanza ambacho mwalimu alitutaka tukiandike ubaoni kilikuwa tarehe ya siku ile. Tangu hapo nimekuwa mtu wa tarehe. Ndiyo maana naweza kusema bila kusita kwamba mwenyekiti wetu wa mtaa alifika kibarazani kwangu Jumanne, tarehe tisa Julai, katika siku za mwanzo za mfunguo nne wa mwaka wa Kiislamu, nami nilikuwa kwenye cherehani nikigeuza ukosi wa shati la shule.

"Hodi hapa, mama."

"Karibu, Mwenyekiti. Kiti hicho."

"Sikai. Nimekuja na habari njema. Wale watu wa kikapu wanakuja Jumamosi. Watapita nyumba chache za mtaa huu, na yako imo."

"Yangu?"

"Imo. Wachezaji wenyewe, wale warefu. Saa nne. Wewe jiandae tu, uwepo."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi, kwa sababu nilidhani ninajua.

Watu wa kikapu aliowataja ni klabu ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam, ya wachezaji wanaolipwa mshahara kwa kucheza. Mwezi Machi waliuleta mradi wao Mtwara. Walisakafia upya uwanja wetu uliokuwa umepasuka, wakaupaka rangi, wakafunga vikapu vipya, kisha wakamweka kocha wa kuwafundisha wasichana kila Jumamosi asubuhi. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa jezi na raba. Mimi sikupenda kukaa pembeni kama mtu aliyekuja kutazama. Kila Jumamosi nilichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo huku kwetu ni kifungua kinywa na ni kitafunwa, nikaibeba na sufuria lake hadi uwanjani na kuwagawia wasichana wakipumzika. Sufuria lilirudi tupu kila mara. Niliona fahari. Mwezi Mei, wazazi walipoitwa kikaoni, ni mimi niliyesimama kutoa shukrani, na kocha mwenyewe aliniita mama wa timu.

Lazima nieleze fahari hiyo ilitoka wapi. Marehemu mume wangu alifanya kazi bandarini. Nilipomaliza eda, ndugu zake walikuja kutoka Kitaya, wakaketi mkekani na kuniambia nirudi nao huko mtoni, kwamba mwanamke peke yake mjini atakuwa wa kuombaomba. Niliwajibu mbele ya watu kwamba nyumbani kwa ndugu yao sadaka haitaingia, itatoka. Walirudi kwao. Tangu siku ile sijapokea hata pakacha la muhogo bila kurudisha kitu ndani yake. Hiyo ndiyo mali niliyobaki nayo: jina la nyumba inayotoa. Hivyo mwenyekiti aliponiambia nyumba yangu imo, nilielewa kwamba klabu inakuja kumshukuru mama wa timu. Na mgeni wa namna hiyo, kwetu, haondoki hajala.

Nilimpigia simu wifi yangu, dada wa marehemu, aliyeolewa Kitaya. Alifika Alhamisi na majogoo wawili waliofungwa miguu, mfuko wa ming'oko na korosho za msimu uliopita. Wifi yangu hajawahi kuniacha salama.

"Haya, wifi wa makuu," alisema kabla hajashusha mzigo. "Nimesikia warefu wanakuja. Watapitaje mlango huu? Au utawalisha kupitia dirishani kama ng'ombe?"

"Watainama. Kwa kaka yako hata mkuu wa bandari aliinama."

"Aliinama kwa sababu kaka yangu alikuwa mfupi. Shika kuku wako, mmoja amenidonoa tangu Kilambo."

"Kilambo umepita kufanya nini?"

"Kumtafutia wifi yangu jogoo asiyekonda. Angalia usije ukaniaibisha kwa mchuzi wako wa maji."

Jirani yangu, mwalimu mwenye asili ya Mbeya, aliniazima viti vya plastiki na glasi zake za sikukuu. Nilimkaribisha aje kushuhudia. Ijumaa yote tulipepeta, tulikuna nazi, tukachambua. Jumamosi nilikuwa na wali wa nazi, kuku wa kukaanga na wa mchuzi, kisamvu, ming'oko na korosho. Firigisi mbili, ambazo enzi zake mume wangu alizila yeye peke yake, niliziweka juu ya sahani ya nahodha wa wachezaji. Nilivaa kanga mpya, doti nzima.

Saa nne na nusu basi dogo lilisimama. Walishuka wachezaji watatu kwanza, nao kweli waliinama mlangoni, na mmoja hata hivyo aligonga paji la uso. Wifi alikohoa ili asicheke. Niliwaketisha, nikachukua birika na beseni, nikawanawisha mikono mmoja mmoja kuanzia kwa nahodha, kama anavyofanya mwenye nyumba. Walikuwa vijana wenye adabu. Walinipa shikamoo, walikunjua mikono yao mikubwa juu ya beseni, wakatazamana.

Ndipo akaingia binti wa klabu anayesimamia mradi, pamoja na mwenyekiti na kijana wa kamera. Nyuma yao dereva alikuwa anateremsha gunia la mchele, dumu la mafuta ya kupikia, sukari na sabuni za mche.

"Shikamoo, mama. Pole sana na maisha," alisema binti yule, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Marahaba. Karibuni, mwanangu. Chakula kiko tayari, wenzako wameshanawa."

Aliitazama meza. "Jamani, mama! Umejisumbua kwa nini? Sisi ndio tumekuletea chakula."

Nilimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama dari. Kijana wa kamera naye alikuwa na shida zake, alizunguka chumbani akipima kwa jicho, kisha akasema, bila ubaya wowote katika sauti yake, "Dada, hapa haitatoka. Meza imejaa. Nyumba za wajane wengine tulipiga nje, ilitoka vizuri. Hakuna sehemu huko nyuma?"

Huko nyuma kuna jiko langu la udongo lililoezekwa makuti, ambalo ukuta wake mmoja umeinama tangu masika.

"Hapo ndipo penyewe," alisema alipopaona. "Mama, una kanga nyingine? Ya kawaida tu, ya kushindia."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikwenda kubadili kanga. Sikulazimishwa. Naamini ni kwa sababu nimezoea hivyo maisha yangu yote: mgeni akiwa ndani ya nyumba yangu, akitaka maji nampa maji, akitaka kivuli namsogezea kiti. Huyu alitaka kanga iliyochakaa na ukuta uliopinda, nami, mwenye nyumba, nikampa. Nilisimama pale nyuma, nikaambiwa nishike gunia kwa chini. Nahodha alishika upande wa pili, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado mibichi kwa maji niliyommiminia, viganja vyake viliacha alama nyeusi kwenye gunia. Wenzake wawili walikunjua kitambaa chenye nembo ya klabu. Wifi alisimama kwenye kona ya nyumba na jirani yangu mwalimu. Mwanangu alikuwa mlangoni na jezi yake.

"Tabasamu kidogo, mama. Kidogo tu. Hapo hapo."

Nilitabasamu.

"Samahani, mama," nahodha alininong'oneza tulipoliweka gunia chini. "Mimi ningekula."

"Basi kula, mwanangu."

Alimgeukia binti wa mradi. Binti alitazama saa. "Tumebakiza nyumba tatu, kaka, na saa sita tuko uwanjani. Mama atatusamehe. Eti, mama?"

Nikasema nimewasamehe. Nahodha alirudi ndani, akanywa nusu glasi ya maji akiwa amesimama, akaitazama sahani yenye firigisi, kisha akainama mlangoni na kutoka. Mwenyekiti alifuata haraka, bila kuniaga.

Wa kwanza kusema alikuwa wifi. "Haya. Warefu wamekwenda, wafupi tule." Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe hakucheka. Jirani yangu alikula kijiko kimoja kimoja, akisifia kila kitu kwa sauti ndogo ya msibani, kisha akaaga. Viti aliniambia atavifuata siku nyingine.

Nilikuwa na hasira wakati huo, na hasira ina nafuu yake, kwa maana mtu mwenye hasira anaamini amekosewa. Nilisema mengi. Nilisema nitalirudisha gunia lile uwanjani mbele ya watu. Nikauliza ni nani aliyewaambia kwamba mimi sijiwezi; ni mwenyekiti? Kwa macho gani?

Mwanangu alikuwa anakula. Sikuwa nimemtazama mpaka hapo. Alikuwa amemaliza sahani yake na sasa anakula ile ya nahodha, ameinama, mkono wake ukienda na kurudi bila kupumzika, kama mtu anayeogopa sahani isije ikaondolewa.

"Ni mimi, mama," alisema.

"Wewe umefanya nini?"

"Nilimwambia kocha. Ile siku nilipoanguka mazoezini."

"Ulianguka lini?"

"Mwezi wa sita. Tarehe nane." Tarehe amezirithi kwangu. "Nilikaa chini tu, macho yaliingia giza. Kocha akaniuliza asubuhi nimekula nini. Nikasema chai ya rangi. Akaniuliza na jana yake usiku. Nikasema uji."

"Lakini Jumamosi si nilikuwa nabeba sufuria zima? Tarehe nane nilibeba."

Alimtazama shangazi yake kabla ya kunijibu. "Ile ni ya wageni, mama. Wewe ndiye uliyenikataza. Ulisema mwenye kitu hula mwisho, nisionekane nagombania chakula cha kwetu. Na nikifika mwisho huwa kimekwisha."

Nilikuwa nimesema hivyo, kwa maneno hayohayo. Ndivyo nilivyolelewa mtoni, na ndivyo alivyolelewa kila mtoto wa mwenye nyumba ninayemjua: mgeni kwanza, wa nyumbani baadaye. Isipokuwa mama yangu alipokuwa akituambia hivyo, alikuwa ameacha chungu cha pili jikoni. Mimi sikuwa na chungu cha pili. Msimu wa korosho ulikuwa mbali, shule zilikuwa likizo na hakuna aliyeshonesha sare, na kidogo kilichokuwamo ndani nilikitoa uwanjani kila Jumamosi, mbele ya macho ya watu, huku mwanangu akikimbia na chai ya rangi tumboni. Nilisimama kikaoni nikatoa shukrani kwa niaba ya wazazi. Kocha aliponiita mama wa timu, sasa nadhani alikuwa bado hajajua.

Sikuwa na pa kuyaweka macho yangu. Aibu niliyoipata nyuma ya nyumba na kanga ya kushindia niliweza kuikasirikia, kwa sababu ilikuwa na watu wa kulaumiwa. Hii haikuwa na mtu mwingine ndani yake.

"Mimi nitakubebea," wifi alisema.

"Nini?"

"Hilo gunia, si unalirudisha? Nitalibeba kichwani hadi uwanjani, utembee mbele yangu na kanga yako mpya. Halafu huyu mtoto tumpikie hilo jina lako zuri. Linaiva kwa maji mengi au machache?"

Ule haukuwa utani, na sisi wawili tulijua. Jioni alifungua gunia yeye mwenyewe kwa meno ya uma, akapima vikombe, akapika, wala hakuniomba ruhusa. Ulikuwa mchele mzuri. Nilikula kidogo nimewageuzia mgongo, kwa kisingizio kwamba nachochea moto.

Picha ilitoka katikati ya wiki, ikapita kwenye simu za mtaa mzima. Wateja wangu waliokuja kibarazani waliongea nami polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, na mmoja alikataa chenji yake. Nilimrudishia, kwa ukali zaidi kuliko ilivyostahili. Hilo nalo nalionea aibu, maana mama yule alikuwa na nia njema, na chenji yenyewe tuliihitaji.

Ijumaa, tarehe kumi na tisa, mwanangu alikuwa anafua jezi yake uani. Wifi alikuwa amesharudi Kitaya. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwangalia anavyokamua, mabega yake yalivyo membamba ndani ya fulana, na nilikuwa nafikiri jinsi ambavyo ningeweza kuyaona siku yoyote kama ningetazama.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa. "Kesho kocha ataniuliza tena. Huwa anauliza kila Jumamosi siku hizi. Nimwambie nini?"

Jibu la kwanza lilinifika mdomoni lenyewe, limevaa vizuri, limenyooka: mwambie kwetu tunakula. Nililishika hapo hapo. Lilikuwa zito kuliko gunia, na niliogopa kwamba nikifungua kinywa litatoka lenyewe. Alikuwa ameacha kukamua, akingoja.

"Mwambie ulichokula," nilisema.

"Hata kama ni chai?"

"Hata kama ni chai."

Aliitundika jezi kambani, akaniuliza kama kuna wali wa mchana uliobaki, nami nikaenda kumpakulia.