Chuma ya Udongo Chini ya Kombi

Mukitaka kumutega muzee wangu, bwana yangu, mumuulize juu ya chuma. Atafanya kama hakusikia, atachukua kitambaa, atapanda yulu ya kombi, ile gari yetu, kufuta pano. Pano ni ile kioo nyeusi yenye inakula jua na kutapika kuran, ni kusema umeme. Anaifuta kama uso ya mutoto anaenda ku misa. Lakini juu ya chuma, hasemi. Basi nitasema mi.

Tulikuwa tunaikala Kasulo, mutaa moya ya Kolwezi. Wakati ule, mu Kasulo, kila nyumba ilikuwa na milango mbili: moya ya kuingia ndani, ingine ya kushuka chini. Batu balichimba mu salon, mu chumba ya batoto, chini ya kitanda, kutafuta mawe ya kobalti. Shi, mi na muzee, hatukuchimba. Muzee alikatala. Alikuwa mutu wa nyuzi za kuran kule Mashamba, ku mashimo makubwa ya mugodi, mbele ya kazi kufa, na mupaka leo anasema na kifua mbele, kama eko na kofia ya kazi ku kichwa: "Mama! Shimo haitaingia mu parsele yangu, kiwanja yangu!"

Lakini shimo haikubisha hodi. Jirani wa mukono ya kushoto alianza kwake, akafuata mawe yake chini kwa chini, na siku moya saa ya kupika, jiko yangu ilishuka. Sisemi ilianguka. Ilishuka pole, kama mama munene anaikala chini ku matanga, pamoya na sufuria ya sombe, majani ya mihogo, ku moto. Mi nikabakia inje na mwiko mu mukono. Muzee akafika, akatazama ile fasi ya jiko, akatazama mwiko. "Sasa tunakula nini?"

Kisha ukuta ya nyumba ikapasuka, na mutu wa komine, ile ofisi ya serikali, akaanza kupita na ile kipaza sauti yake. Sauti yake ilikuwa ya pua, kama mutu eko na mafua tangu ubatizo: "Po-pi-la-syoo ya Kasulo! Batu bote batoke! Udongo hii haina tena ya kuikala!" Akipita, mi nilikuwa najificha nyuma ya lupango, ile uzio, na kumujibu na sauti yake: "Popilasyoo! Batu bote batoke!" Masikini, aligeuka kutafuta mwenzake. Bajirani balicheka mupaka machozi. Kisha bale bajirani bakatoka kweli, moya moya. Balibeba mabati, balibeba milango, balibeba mupaka madirisha. Kartie, mutaa yote, ikabakia na kuta bila vichwa, na fasi ya dirisha wazi, inakutazama. Ukikohoa, unasikia kikohozi yako inatembea mu nyumba ya batu wengine.

Muzee akaamba: "Mi sitoke."

Nilijua juu ya nini. Shi ni batu banaita ba Kasai, jimbo ya mbali, lakini mi nilizaliwa hapa hapa Kolwezi. Kasai niliisikia tu mu mudomo ya mama yangu. Mu ile mwaka ya mubaya, wakati balifukuza ba Kasai bote, balikuja ku mulango yetu kuimba na kupiga malata, mabati ya nyumba, na fimbo: murudie kwenu, murudie kwenu. Tulitoka mangaribi, batoto ku mugongo, tukaenda kulala ku gare, stesheni ya train, na maelfu ya benzetu, kungojea ile yenye haikuja. Wakati tulipita ku kona ya mwisho, muzee aligeuka. Taa ya mulango yetu ilikuwa inawaka. Aliisahau. Tulirudi Kolwezi nyuma ya miaka, nyumba ile ilikuwa na benyewe bengine, na taa ilikuwa inawaka tu. Hakulia nyumba, hakulia kitanda. Alilia taa. "Niliachia mutu taa yangu inawaka," asema.

Sasa, mu ile parsele ya Kasulo tulikuwa na kombi yetu, yenye muzee alikuwa anabeba nayo batu na mihogo ku njila ya Sandoa. Ilikuwa inasimama tangu batri yake ikufe. Muzee akatosha viti, akaweka mbao, akaweka godoro, akatundika pazia. Akaniambia, sauti ya chini kama anaoa tena: "Mama, hii njo nyumba. Nitaweka kuran ya jua. Tutabakia."

"Nyumba iko na mipira ine ya gari chini, tata," nikamwambia. "Na ile mipira, hatuuzi. Na ile galon ya mazutu nyuma, mafuta ya motere, hatugusi."

Mi nilitaka tutoke. Nilitaka tutoke mbele ya udongo kukamata kombi vile ilikamata jiko, na shi ndani. Lakini huyu muzee ukimusukuma, anaikala. Basi nikawa nangojea.

Pano aliileta bwana moya wa soko, suruali ya kubana, miwani nyeusi. Alikuwa anasema haraka kama mutu anauza samaki yenye inaanza kunuka: "Mama, orijinale! Orijinale, mama! Hata mawingu ifunike, inafanya kazi!"

"Na mi nikiifunika na kitenge?"

"Mama naye!"

Balifunga pano yulu ya kombi, mbele inainama kidogo ili mayi ya mvua ishuke. Balipitisha nyuzi ku dirisha, nyekundu na nyeusi. Chini ya kitanda baliweka batri kubwa ya kamyo, mupya, na ku ukuta kasanduku kadogo kenye kanachunga kuran isizidi. Kwanza unaunganisha batri, kisha pano. Ukigeuza, kasanduku kanakufa. Hiyo mupaka mi nilishika. Bwana wa soko akataka kumaliza, muzee akasimamisha mukono.

"Udongo iko wapi?"

"Udongo gani, tata?"

"Chuma ya udongo, yenye inashusha kuran mubaya chini! Kule Mashamba, hakuna kitu kilipata kuran mbele ya kupata udongo. Sekirite, usalama kwanza!"

"Tata, ni kombi. Ni jua kidogo. Haiombe udongo."

"Mi bila udongo siunganishe."

Bwana wa soko alitazama zile kuta bila vichwa, akakumbuka eko na kliyan mwingine wa kuuzia. Aliacha waya moya wazi, akaenda bila kunywa mayi.

Ilikuwa saa sita ya muchana, jua katikati ya kichwa, kivuli yako iko chini ya miguu tu. Muzee alichukua chuma murefu yenye alibakisha tangu Mashamba, akaifunga kitambaa nyekundu ku kichwa asikate mukono, akaisimamisha pembeni ya mulango ya kombi. Akapiga nyundo. Ko! Chuma ikaingia. Ko! Ikaingia tena, vizuri zaidi. Akafurahi: "Unaona, mama? Udongo muzuri!"

Mi nilikuwa naangalia kuku wangu. Ilikuwa inakula pale karibu. Ikasimama na muguu moya yulu, na haikuutelemusha.

Ko! Na ile mara, chuma haikuingia. Ilienda. Ilitoka mu mukono yake na kitambaa yake, yote, ikabakia kitundu kadogo. Tukangojea isikike. Tukangojea. Nilikuwa naanza kuamba labda haina mwisho, njo tukasikia: ting, kule mbali, kama kijiko inaanguka mu nyumba ya mutu mwingine.

Mu kile kitundu kulitoka upepo. Baridi. Mu jua ile, ilinipita ku miguu kama mayi ya kisima.

Muzee alibakia na nyundo. Kwa mazoea ya mikono tu, akapiga udongo mara tatu, pole, vile unaangalia kama ndani iko wazi. Ko, ko, ko.

Chini kulijibu. Ko, ko, ko.

"Ni ba krezere," asema muzee. Bale bachimbaji, anataka kusema. "Balirudia usiku, bako banachimba."

"Shimo za hapa zote balifunga na udongo, tata. Uliona kamyo ikiimwanga ndani."

"Basi ni ba krezere."

Sasa mi, mudomo yangu haina adabu, nayo woga inaifungula zaidi. Niliinama ku kitundu, nikabana pua, nikaita na sauti ya mutu wa komine: "Popilasyoo! Batu bote batoke!"

Nilitaka muzee acheke. Hakucheka. Nami sikucheka, juu hakuna kitu kilirudi, hata kidogo. Tunainuka, mi napangusa magoti yangu, muzee anatafuta nyundo yenye iko mu mukono yake, njo ile sauti ikakuja. Pole, kama mutu anajifunza.

"Batoke... batu bote batoke..."

Haikuwa sauti ya mutu wa komine. Haikuwa na pua. Ilikuwa sauti yangu, vile inatoka nikisema na batoto yangu, leo bakubwa na ku nyumba zabo, wakati sifanyi mchezo. Maisha yote naiba sauti ya batu: ya padri, ya bakwe, ya polisi. Yangu hakuna mutu aliiba.

Nilimutazama muzee. Aliisikia. Na hata vile, alikuwa anasimama na ile shingo yake ya ng'ombe, na nilijua atasema nini.

"Mama, mi siachie mutu..."

"Tata." Nilimukamata shati. "Angalia ndani. Taa yako haiko ku nyumba. Iko mu kombi. Mara hii inatoka na weye."

Alitazama ile ampule kadogo ya taa, inaning'inia yulu ya godoro. Akaingia. Akaunganisha batri ku kasanduku na ku motere, akaunganisha pano, akaacha ile waya ya udongo inalala chini. Kale kasanduku kakawaka kijani. Nilimwanga mazutu mu tanki, nikakamata kuku, nikatosha mawe mbele ya mipira. Motere ikakohoa, ikanyamaza. Ikakohoa. Batri ile mupya ikaisukuma, na kombi, yenye hatukusikia sauti yake tangu zamani, ikalia mupaka zile kuta zote zikajibu.

Mbele ya kufunga mulango, muzee aliwasha taa. Saa sita ya muchana, jua kali vile, alitaka tutoke nayo inawaka.

Tulitoka mu parsele, tukashika njila. Nilikuwa nyuma ku godoro, kuku mu mapaja, naangalia ku kioo ya nyuma. Fasi tulikuwa tunasimama ilikuwa wazi. Na pale, pembeni, chuma yetu ilikuwa inasimama. Na kitambaa nyekundu ku kichwa. Murefu, wima, yulu kupita vile ilikuwa mbele muzee aanze kuipiga.

"Mama, kuna kitu nyuma?" akauliza.

"Apana, tata. Endesha."

Nilisema na sauti yangu, pole pole, juu nilitaka kuisikia kama ingali kwangu.