Tangazo la Mechi ya Mpira wa Yai

Mtaani kwetu Bukavu, mechi haikuanza siku ya mechi. Ilianza siku mbili kabla, pikapu ilipopita barabarani polepole, na nyuma yake kijana amesimama na kipaza sauti. Kwa misimu miwili kijana huyo nilikuwa mimi. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini sauti Mungu alinipa. Nilitaja wachezaji mmoja mmoja: jina la utani, nafasi yake uwanjani, na kitu gani adui waogope kwake. Kisha barabara nzima ikaniitikia kwa pamoja: “Anakaa wapi?” Nami nikasema: nyuma ya kisima, nyumba ya bati jekundu, mlango wa kushoto. Hiyo ilikuwa lazima. Mchezaji ambaye hukusema anakaa wapi ni kama hukumtaja. Watu walimpelekea mayai na maziwa kabla ya mechi, na akicheza vibaya walijua pia pa kumfuata.

Naeleza haya kwanza ili ujue kwamba nilichokifanya Brussels sikukifanya kwa ubaya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na karatasi ya rangi ya chungwa iliyosema kwamba ombi langu la ukimbizi bado linaangaliwa. Niliosha vyombo kwenye mkahawa mmoja wa chaussée d'Ixelles na nilikaa mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, chumba kimoja chenye ukungu ukutani. Nilikaa na Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu, mrefu mpaka anainama mlangoni. Alinizidi miaka sita, kwa hiyo nilimwita grand, kaka mkubwa, naye akaniita petit, mdogo.

Yeye karatasi hakuwa nayo tena. Ombi lake lilikataliwa, akapewa siku tano aondoke Ubelgiji, na zile siku tano zilikuwa zimegeuka miezi minane. Kwao nyumba ilichomwa moto, kaka yake akiwa ndani. Habari ya kurudi hatukuizungumza. Alikwenda kuosha magari kwenye gereji moja na kurudi kwa miguu, maana kwenye tramu kuna wakaguzi. Viatu vyake alivilaza chini ya dirisha la nyuma, lenye ngazi ya kushukia uani, kamba zimelegezwa, tayari kuvaliwa. Chini mlangoni wapangaji wote walikuwa wamebandika majina yao kwenye kengele. Yetu, ya tatu kutoka juu, tuliiacha tupu.

Mimi nilikuwa mtu wa kuchekacheka tu. Niliosha masufuria huku natangaza mechi ambazo hazipo, nikiota siku moja nitasikika redioni. Ndivyo mpishi alivyonigundua. Alikuwa Mwaustralia, mnene, Kifaransa chake kibovu kuliko changu. Siku moja aliweka mwiko chini akaniambia kwamba yeye na wenzake wana timu ya mpira wa kwao. Timu ya Waaustralia wa London ingekuja kucheza nao Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwenye nyasi za Ganshoren. Tatizo ni kwamba wanatakiwa watu kumi na wanane, na wao walikuwa kumi na watatu.

“Una rafiki mrefu?” akaniuliza.

Nilicheka. Rafiki mrefu nilikuwa naye.

Mpishi alitupitia Jumapili ya mazoezi, wiki mbili kabla ya mechi, na gari lake la mizigo, kwa hiyo hatukuhitaji tramu. Pale Ganshoren, mahali pa kimya ambapo hata mbwa wanabweka kwa adabu, walikuwa wameunganisha viwanja viwili vya soka na kuchora mstari mmoja mkubwa kwa chokaa. Mpira una umbo la yai, na uwanja wenyewe ni yai. Kila upande wanasimamisha nguzo nne. Ukipitisha mpira kwa teke kati ya zile mbili ndefu za katikati, unapata alama sita. Ukipita pembeni kidogo, kati ya ndefu na fupi, wanakupa moja, kama pole. Mpira unapigwa teke au unagongwa kwa ngumi, hautupwi. Na mtu akiudaka hewani ulipopigwa teke la mbali, hata kwa kupanda mgongoni mwa adui, anaachiwa apige kwa nafasi yake.

Kwao Bujumbura grand alikuwa golikipa wa soka. Mpira wa kwanza uliopigwa juu, aliukimbilia, akaweka goti kwenye bega la mpishi, akapaa. Niliona soli za viatu vyake juu ya kichwa cha mtu mwingine. Aliposhuka na lile yai mikononi, wazungu wote walikuwa wamesimama vinywa wazi. Naye akacheka. Miezi minane nililala chumba kimoja na mtu huyu, na nilikuwa sijui kwamba ana pengo kwenye meno ya juu.

“Wallahi, petit,” aliniambia garini, “leo nimesahau kutazama nyuma.”

Basi nikajitolea kufanya tangazo. Mpishi alifurahi sana. Grand aliniomba kitu kimoja tu: “Jina langu usiliandike.” Nikaahidi, na nikatimiza. Nilimwita Korongo.

Niliandika upande mmoja kwa Kiswahili na upande wa pili kwa Kifaransa, ili hata Mbelgiji aje. Niliandika kwamba timu ya London wamecheza pamoja misimu miwili na wanajuana kama vidole vya mkono, kwamba katikati wana jitu lenye nywele nyekundu ambalo halijawahi kuangushwa, lakini watavuka bahari kwa meli, na kwenye meli kuna bia, donc robo ya kwanza ya mechi miguu yao itakuwa bado inayumba. Hapo ndipo Brussels wapige. Niliandika kwamba kapteni wetu mpishi hakimbii lakini teke lake linavuka mtaa. Kwamba tuna Waairishi wawili wanaogonga mpira kwa ngumi kama wanabisha hodi. Robo ya nne, wakichoka wote, mpira utapigwa juu, na juu ni kwa mtu mmoja. Kisha nikaandika, mkono ukienda wenyewe kama zamani kwenye pikapu:

“KORONGO wa Bujumbura, mshambuliaji wa mbele kabisa, anaokota mipira mawinguni. Anakaa wapi? Saint-Gilles, nyuma ya soko, mlango wa kijani, kengele ya tatu, ile isiyo na jina.”

Nakala thelathini. Jumatatu nilibandika kila mahali: kwa kinyozi wetu Porte de Namur, kwenye duka la simu, mlango wa kanisa letu, na kwenye duka la kufulia nguo karibu na Gare du Midi. Kinyozi alilisoma kwa sauti, mashine mkononi, mteja amenyolewa nusu.

“Petit, hii mupira ya yai, banachezea yai ya kuku ama ya bata?”

“Ya mbuni, tonton!”

Saluni nzima ikacheka. Alipofika kwa Korongo akainua mashine juu, na wote wakapiga kelele, “Anakaa wapi?” Akasoma mpaka kengele. Wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Wote walikuwa watu wa Kivu, na tangazo lilikuwa limekamilika, kama inavyotakiwa.

Jumatano nilipeleka nguo zetu kufua. Kulikuwa na maman mmoja wa Uvira anayefanya kazi ya kutunza wazee, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa amesimama mbele ya tangazo, kikapu kiunoni.

“Mutoto, kuya hapa. Huyu Korongo iko na papiers?”

Nikaanza kujaza nguo kwenye mashine.

“Alors uliandika kwenye anakaa, tena kwa Kifaransa?”

“Maman, ni vile tunafanyaka.”

“Kule banaimba,” alisema. “Huku banasoma.”

Niliziacha nguo zikizunguka kwenye mashine nikakimbia. Kinyozi, duka la simu, kanisa, kituo cha tramu. Nilibandua huku mvua inaninyeshea, na kila niliyoibandua niliihesabu kwa sauti. Nilipata ishirini na nane. Mbili hazikuwepo. Moja niliibandika karibu na ofisi za commune, yaani serikali ya mtaa, kwa sababu pale hupita watu wengi. Gundi ilikuwa bado ukutani.

Nilirudi chumbani nimeshika maneno mdomoni. Grand alikuwa ameketi kitandani, anashona nambari mgongoni mwa jezi aliyopewa na mpishi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alishona vizuri, mishono midogomidogo. Aliinua uso.

“Petit, unaonaje, iko sawa?”

Nikasema iko sawa. Nikajiambia karatasi mbili ni kitu gani, mvua itakuwa imezichukua. Nikajiambia nitamwambia kesho. Alhamisi mpishi alituma viatu vya kucheza, saizi ya grand kabisa, naye akatembea navyo chumbani koko-koko-koko mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Sikuweza. Nikajiambia nitamwambia baada ya mechi.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kengele ililia.

Walikuwa majandarme wanne, polisi wa Ubelgiji. Hawakuvunja kitu. Wawili walibaki nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, kwa hiyo vile viatu vilivyolegezwa kamba havikusaidia. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima mwenye mafua, leso mkono mmoja. Mkono wa pili alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, na niliitambua kabla hajaifungua. Alimtazama grand kuanzia miguuni mpaka juu, akamuuliza kwa upole, kwa Kifaransa:

“Wewe ndiye Korongo?”

Grand alinitazama mara moja. Sikuuelewa mtazamo ule, au niliuelewa. Waliangalia karatasi yangu ya chungwa wakanirudishia. Yeye wakampa muda avae. Jezi aliiacha kitandani, imekunjwa.

Walimpeleka kwenye kituo cha kufungia wageni karibu na uwanja wa ndege. Niliruhusiwa kumwona Alhamisi iliyofuata, siku tatu kabla ya mechi. Kulikuwa na meza, na kila dakika chache ndege ilipita juu, tukawa tunangojea ipite ndipo tuendelee. Alikuwa amekonda, amevaa jaketi la michezo ambalo mikono yake ilifika kwenye viwiko.

“Bon,” alisema, “nani anacheza pale mbele?”

Nikamweleza. Kijana wa Kiflamingi, Mbelgiji wa kaskazini, mwanafunzi, mrefu lakini anaogopa kuruka. Akauliza kuhusu lile jitu jekundu. Nikamwambia limeumia goti, huenda lisije. Akasema basi London watacheza kwa pembeni, mpishi awaambie Waairishi wasiingie katikati. Nikaahidi kufikisha. Nikaanza kumtangazia mechi yote, kwa sauti ndogo, kama niko kwenye pikapu, na pale kwenye bia ya melini akacheka tena. Pengo nililiona. Sikuweza kuvumilia.

“Grand, ni mimi.”

“Najua. Niliona mwandiko.”

“Nilijua, grand. Maman mmoja aliniambia. Nikabandua zote, zikakosekana mbili.”

“Alikuambia lini?”

Ndege ilipita. Nilitamani ipite polepole.

“Jumatano.”

Alihesabu. Nilimwona anahesabu, macho kwenye meza.

“Jumatano,” alisema. “Alhamisi. Ningekuwa Liège. Nina binamu Liège.”

Hakupiga kelele. Alifunga zipu ya lile jaketi mpaka shingoni, akasimama, akamwita mlinzi. Tulikuwa na dakika ishirini bado. Mlangoni akageuka, nikadhani ataniambia kitu.

“Ndege yangu ni Jumapili asubuhi,” alisema. “Usije.”

Sikwenda. Jumapili nilikuwa Ganshoren, kwa kuwa mpishi aliniomba na kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kupeleka mwili wangu. Wageni wa London walishuka kwenye basi lao wakiimba. Watu wetu walikuja wengi, tangazo lilikuwa limefanya kazi: kinyozi na wateja wake, watu wa kanisa, wamama na biskuti na termosi. Hakuna aliyekuwa anacheka. Habari waliisikia wote. Maman wa Uvira alisimama peke yake karibu na nguzo fupi.

Mpishi alinipa kipaza sauti. Kapteni, nikasema, anakaa jikoni, na watu wakacheka kidogo kwa kunihurumia. Waairishi wawili. Mflamingi. Hakuna aliyeniuliza wanakaa wapi, na mimi sikusema. Nilitaja kumi na saba. Ile jezi niliyoileta kutoka chumbani ilikuwa begani kwangu, nambari nje. Mpishi alisema timu itaanza na watu kumi na saba, na nafasi moja ibaki wazi kwa heshima ya mwenye jezi. Basi nikaitaja na nafasi hiyo.

“Korongo,” nikasema. “Wa Bujumbura. Mipira ya mawinguni.”

Watu wakatazama nyasi. Kisha bibi mmoja aliyechelewa, ametoka Liège kwa treni, hajaambiwa kitu na mtu yeyote, akafurahi kusikia desturi ya nyumbani mahali kama pale. Akaweka mikono mdomoni na kuita kwa sauti yake yote:

“Anakaa wapi?”

Jirani yake akamshika mkono. Bibi akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kutaka kujua amekosea nini.

Nilishusha kipaza sauti. Mwamuzi, ndani ya koti lake jeupe, alitazama saa. Mpishi akaja karibu, akaniuliza kwa kile Kifaransa chake kama nimemaliza.

Nikamwambia bado.